Vikapu vya Mama Kwenye Ukuta wa Wifi

Mtu akiniambia kwamba zawadi ya kutengeneza kwa mikono ina upendo kuliko ya dukani, huwa namtazama viganja. Mara nyingi ni laini. Mimi nimezaliwa Murusagamba, ambako kila kitu kilitengenezwa kwa mikono: mkeka tuliolalia, mwiko, ungo, kamba ya mbuzi, kiti cha baba, mpira wa matambara na majani makavu ya mgomba. Hakuna aliyeviita zawadi. Zawadi ilikuwa kipande cha sabuni, au kitenge ambacho bado kinanuka duka. Nikisikia mtu anasifia kitu kwa sababu tu hakikununuliwa, najua kwao walikuwa wananunua.

Basi fikiria nilivyojisikia Krismasi ile mdogo wangu, mtoto pekee wa kiume wa mama yetu, alipomleta mke wake kutoka Biharamulo mjini na begi la zawadi alizozitengeneza mwenyewe. Walikuwa wanajenga na hela ilikuwa imewakaukia. Sijawahi kumcheka mtu kwa kukosa hela, maana mimi mwenyewe naishi Kibimba kwa jembe na cherehani, nashona sare za shule barazani, na kuna miezi cherehani inalala. Kilichonikera ni hotuba. Wifi alisimama katikati ya sebule ya mama akatueleza kwamba mwaka huu wameamua kutoa zawadi za bei nafuu zenye kumbukumbu, na kwamba amejifunza kwenye simu. Kisha akagawa. Mume wangu alipata fremu ya picha ya maboksi, bila picha. Mimi nilipata chupa ya soda iliyozungushiwa kamba ya katani na kubandikwa shanga kwa gundi. Ilikuwa chupa ya kreti, zile za kurudishwa. Mume wangu aliigeuzageuza, akaninong'oneza kama mwenye duka ameshajua.

Mama alipata mshumaa ulioyeyushwa upya ndani ya kopo la maziwa. Aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akauweka juu ya kabati kama kitu cha kanisani. Siku walipoondoka akawapa zawadi yake. Ilikuwa unga wa mtama aliousaga mwenyewe na maharage aliyoyachambua punje kwa punje, vikiwa ndani ya kikapu chake cha nyasi chenye mfuniko uliochongoka. Wifi alikipokea kikapu akapiga kelele ya furaha. Nilidhani amefurahia unga.

Sasa, kwetu Wahangaza hili halifundishwi, mtoto analijua kabla hajaanza shule. Zawadi inasafiri ndani ya kikapu, na kikapu kina mwenyewe. Ukishamimina ulicholetewa, siku utakayojaliwa unakirudisha, na ndani unaweka kitu. Hata chumvi ya kuunga mboga moja inatosha. Kikirudi kitupu, umemwambia mwenzako kwamba huna haja naye. Kisiporudi kabisa, umemwambia asikanyage tena kwako. Na mwenye kikapu haulizi. Kudai chombo chako ni kujidhalilisha, afadhali ukae nacho moyoni.

Mama alitoa kikapu Krismasi ile, na iliyofuata, na ya tatu. Kila kimoja kilimchukua miezi, kwa sababu macho yameanza kumsumbua na anashona mchana tu, mlangoni penye mwanga. Hakuna kilichorudi. Mimi kule Kibimba sikujua lolote.

Baada ya Krismasi ya tatu wifi akajifungua mtoto wa kike, mjukuu wa kwanza kwa mtoto wa kiume. Nilitegemea mama angefunga safari wiki ileile, na unga wa uji kichwani. Hakwenda. Maharage yakavunwa, hakwenda. Mvua za vuli zikaanza, mtoto akaanza kukaa mwenyewe, na mama bado anasema miguu, mara kuku, mara mgomba umeanguka. Mdogo wangu naye hakumleta mtoto, eti barabara ni mbaya. Ni barabara ileile iliyomtoa yeye hapa akiwa na sanduku la bati akaenda kusoma.

Nilikwenda Murusagamba nikamkuta mama amekaa mlangoni bila sindano wala nyasi, na Krismasi inakaribia.

"Mwaka huu hushoni?" nikamuuliza.

"Nimshonee nani?"

Nikasema ana mjukuu ambaye hajawahi kumshika. Hapo ndipo aliponiambia, bila kunitazama.

"Vyombo vyangu vitatu viko kule. Hakuna hata kimoja kilichorudi. Mwenye nyumba akikuambia usije, wewe unakwenda?"

Alisema kwamba mtoto atamwona kwenye picha, na kwamba akifa wataletana wenyewe kuzika. Aliyasema kwa sauti ya kawaida kabisa, halafu akaniuliza kama nimekula. Nililia njia nzima nikiwa nyuma ya pikipiki, na hasira zilipoyakausha machozi nikapanga safari ya Biharamulo.

"Shikamoo wifi! Karibu, karibu!" mke wa mdogo wangu akanipokea mlangoni. "Kabla hujakaa, tazama kwanza ukuta wangu."

"Marahaba," nikasema, nikautazama.

Vikapu vitatu vya mama vilikuwa vimegongelewa misumari ukutani, kila kimoja na mfuniko wake umetundikwa pembeni, na taa ndogo za Krismasi za kuwakawaka zimepitishwa katikati. Msumari ulikuwa umepita kwenye kitako, palepale mama anapoanzia kushona. Wifi akaniambia wageni wote wanaviulizia. Wanapiga picha wakiwa mbele yake, wanaacha kwenda kupigia picha Boma la Wajerumani. Kisha akanishika mkono.

"Nilitaka hata kukuomba umwambie mama anishonee vingine, niwape wenzangu Krismasi hii. Mwaka huu tumebanwa, na kitu cha mikono hakina gharama."

Hakina gharama! Nilimfikiria mama akitafuta tundu la sindano kwa ncha ya ulimi, nikakaa chini nisije nikasema neno la kunifukuzisha.

"Wifi," nikasema, "mama anataka vikapu vyake."

"Anavitaka? Si alinizawadia?"

"Alikuzawadia unga."

"Unga tulikula."

"Basi zawadi yako umeshaila. Hivyo ni vyombo vya watu."

Nikamweleza. Wifi kwao ni Usukumani, ila amekulia kwenye nyumba za watumishi, baba yake akihamishwa kila baada ya muda mfupi, kwa hiyo mila anazozijua ni za kwenye simu. Alinisikiliza huku anautazama ukuta wake. "Kwa hiyo mama anadhani mimi..." Nikamwambia ndiyo, anadhani umemfukuza. Alivuta kiti, akapanda, akaanza kung'oa misumari kwa mgongo wa kisu cha jikoni, huku analia kwa sauti na mtoto naye anaitikia chini kwenye mkeka. Hapo dharau yangu kwake ilipungua, sitaki kusema uongo. Ilikuwa imepata mahali pengine pa kwenda, na mahali penyewe palikuwa panaingia mlangoni na begi la kompyuta begani.

Maana mdogo wangu hakukulia kwenye nyumba za watumishi. Yeye ndiye aliyekuwa anatumwa na mama kurudisha vikapu vya majirani, na alikuwa akilamba sukari njiani, akachapwa.

"Wewe ulikuwa unajua," nikamwambia.

"Dada, mambo ya zamani hayo."

"Mama hajamwona mwanao."

"Si aliniambia miguu inamsumbua? Halafu mwenzangu alivipenda sana vile vikapu. Ningemwambiaje avitoe?"

Nimeona wanaume waoga, lakini huyu ni wa peke yake. Aliona bora mama yake afukuzwe kuliko mke wake anune jioni moja. Tena hakumfukuza mwenyewe. Aliacha ukuta umfukuzie, akakaa chini yake kila usiku akiangalia mpira.

Kesho yake asubuhi, kabla sijaondoka, wifi alitaka kuvijaza vikapu mwenyewe. Mdogo wangu akasema, "Niachie mimi, najua vya kuweka." Nikamkumbusha mbele ya mkewe kwamba haviendi vitupu. Akajibu, "Najua, dada," kama mtu aliyeonewa. Nikatangulia sokoni kununua nyuzi za kushonea, nikamsubiri stendi. Hakuja. Gari lilipokuwa linawasha ndipo bodaboda ikafika na kiroba, dereva akaniambia kimetoka kwa bosi wa ofisini. Nilipokipokea tu mkono wangu ulijua. Kilikuwa chepesi. Ndani, vikapu vilikuwa vimeoshwa, vinanukia sabuni ya unga, na kila kimoja kimefungwa kwenye karatasi la zawadi lenye picha za kengele. Vitupu vyote vitatu. Kwenye simu mdogo wangu akawa ameniandikia kwamba amechelewa kazini na mama ataelewa.

Hilo ndilo lililonitisha, kwamba mama angeelewa. Mtu aliyekaa mwaka mzima akijiambia kwamba amefukuzwa kimyakimya, sasa ningemletea jibu limefungwa vizuri kwenye karatasi lenye kengele. Nilimtukana mdogo wangu kimoyomoyo kutoka Biharamulo mpaka nyumbani, kwa Kiswahili na kwa Kihangaza, na Kihangaza ndicho kilichonipa nafuu.

Nilishuka senta ya Murusagamba nikaingia dukani. Kwa hela yangu nikanunua chumvi, sukari na sabuni ya kuogea, ile ya kunukia. Nikachana karatasi zile nikazitupa. Matundu ya misumari nikayaziba kwa vipande vya kitambaa cha sare vilivyokuwa ndani ya mkoba wangu, nikapanga vitu, kila kikapu na chake, nikafunika. Kisha nikavibeba mpaka kwa mama kama tarishi.

Mama alikuwa anamenya ndizi. Alipoviona aliweka kisu chini. Alinawa mikono, akaifuta, akakaa vizuri kabisa kabla ya kufunua cha kwanza. Alichukua chumvi kidogo akaiweka kwenye ulimi. Akafunua cha pili, cha tatu, akainusa sabuni muda mrefu. Akapitisha kidole chini, akakuta tundu na kitambaa changu.

"Panya," mama akasema. "Mjini kuna panya wengi. Tena ona, ameziba. Ni mtu wa utunzaji."

Nikasema ndiyo, mjini wako wengi.

"Na nyinyi mlisema hana adabu." Hatukuwahi kusema, alikuwa anajisema mwenyewe, lakini nilikubali kosa. Akamwita jirani aje aone. Akamweleza jirani kwamba mkwe wake alisubiri mpaka vitimie vitatu ndipo avirudishe pamoja, kwa sababu anafanya mambo kwa mpango. Kisha akanigeukia na sabuni mkononi. "Wewe mtoto wangu wa kumzaa, sabuni kama hii umeshaniletea lini? Jifunze kwa mwenzako."

Ningeweza kumwambia. Lakini alikuwa ameshasimama, anatafuta ungo, anauliza mtama uliobaki kwenye ghala utatosha uji wa mtoto mpaka lini, na magari ya Biharamulo siku hizi yanaondoka saa ngapi. Miguu haikuwa inauma popote.

Krismasi nilimpeleka mwenyewe. Ukuta ulikuwa mweupe, umebaki na matundu yake. Wifi alitoka na mtoto begani, akapiga goti mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Asante kwa chumvi." Mama Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini alikuwa amekiandaa njia nzima. "Na sukali. Na sabuni, inanukia sana."

Wifi alimgeukia mumewe. Maskini, hana unafiki, ndiyo shida yake. "Chumvi? Si ulisema umeweka mchele?"

Mama alikuwa bado amesimama kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani na mmoja nje, kichwani ana kikapu cha unga. Alimtazama mkwe wake, akamtazama mwanawe, na furaha ikaanza kumtoka usoni taratibu.

"Nilibadilisha, mama," mdogo wangu akasema. Hakupepesa hata jicho. "Nikakumbuka mchele unao wa kutosha. Tukashauriana, tukaona chumvi ndiyo itakufaa. Tulichagua pamoja."

Akanitazama na mimi, eti niitikie. Nikaitikia. Sijawahi kumdharau kama nilivyomdharau dakika ile, na sijawahi kumshukuru hivyo tangu azaliwe.

Mama akavuta mguu wa pili ndani. Akaketi kwenye kochi, akanyoosha mikono, wifi akamwekea mtoto. Alimnusa utosini, akamfungua vidole kimoja kimoja akivikagua, na mtoto akamshika kidole gumba hakutaka kukiachia. Mama akamwinamia akamwambia kwa Kihangaza, lugha ambayo katika nyumba ile ni mimi na baba wa mtoto tu tulioielewa, amsamehe bibi kwa kuchelewa, ilikuwa barabara.