Makapu ya Mwalimu wa Kemia

Mwalimu wetu wa kemia, hapo chuoni Tudor, utamjua kwa harufu kabla hujamwona. Koti lake hunuka shombo la zile kemikali ziitwazo amini anazozishika kutwa, na paka wa mtaa wake, Kibokoni, humsindikiza hadi mlangoni kwake. Hufundisha kwa mikono. "Wanangu, besi hii, mwokota protoni, imesongwa na matawi yake," alituambia, ametanua viwiko kama kuku mwenye vifaranga. "Protoni ni ndogo, hupenya ikaokotwa. Kikubwa hakipiti." Hatukuelewa, na mtihani ulikuwa kesho yake.

Jioni tulikuwa barazani karibu na kwake, tukamwona akitoka sokoni Makadara, kapu zito kila mkono. Jirani yake, Bi Mejumaa, akamzuia uchochoroni na sinia la biriani.

"Pokea, Mwalimu, la harusi hili."

"Nitalipokea na nini, Bi Mejumaa?"

Bi Mejumaa akacheka, akaokota kaimati moja ndogo pembeni mwa sinia, akamtia mdomoni. Mwalimu akatugeukia, viwiko vimetanuliwa na makapu, shavu limemtuna.

"Mmeiona besi yangu?"

Tulifaulu sote. Naye tangu siku ile hupita mlangoni kwa Bi Mejumaa na makapu mawili, hata yakiwa matupu.