Bango Juu ya Uso wa Mama

"Na usiniambie hukujua, Ognyan! Ukuta mzima upo wazi, vijana wako wa kampeni wamekubandika juu ya mama yako!"

Shangazi Tsonka, jirani yao, alikuwa anafoka mbele ya geti la marehemu mama yake Ognyan. Kwenye ukuta wa hapo ndipo Ognyan alipobandika tangazo la msiba lenye picha ya mama, kama kila nyumba kijijini inavyofanya, likae mpaka mvua ilimalize. Sasa juu yake palikuwa na bango lenye sura ya Ognyan mwenyewe, inachekelea, inaomba kura.

Jamaa alikuwa anaandika programu za kompyuta jijini Sofia, anakula vizuri tu. Akaacha, akaingia siasa ili kijiji kipate daktari. Akashinda ubunge. Serikali ikaanguka, uchaguzi tena, ikaanguka tena. Daktari hakuja. Mama akafa akisubiri gari la wagonjwa.

"Nalibandua, shangazi."

"Haya bandua, mheshimiwa. Au mpaka ubonyeze kitufe cha kompyuta?"

Akakwangua kwa kucha. Gundi ilikuwa kali, karatasi ikatoka na uso wa mama. Akakaa chini pale pale.

Nyinyi mnaobandika mabango ya kura, mkikuta tangazo la msiba, acheni ukuta huo. Na mliokwisha kuwafunika marehemu, nendeni mkawaombe radhi wafiwa leo.