Sentensi za Kisawe

Dada yangu alikuwa mpiga chapa wa tasnifu kwenye kibanda cha fotokopi kando ya lango la chuo, na wanafunzi walimbatiza Kisawe. Neno likirudi mara tatu kwenye ukurasa mmoja lilimkera kama mchanga kwenye kiatu. "Anasema, anasema! Huyu msomi wako hana kinywa kingine?" Hapo alifungua daftari lake, ambamo "anasema" lilikuwa na ukurasa mzima, akamfundisha mwenye kazi. "Anayedai bado hajathibitisha. Anayebainisha ameshakuonyesha. Usiniwekee maneno ya pambo."

Aliyefaidi kuliko wote ni mtoto wa mjomba wetu. Tasnifu yake ya udaktari aliiandikia sebuleni kwetu, na nasema aliiandika kwa kuwa nina adabu. Dada aliifumua na kuishona upya, sura kwa sura, mwaka mzima. Binamu akawa daktari, akapewa ofisi chuoni, nasi tukajitapa naye mtaa mzima.

Alipofika miaka arobaini na sita, dada naye alijiandikisha shahada ya uzamili. Alitaka kuona jina lake mwenyewe juu ya jalada, basi. Aliandika, akamaliza, akaitwa kujitetea mbele ya jopo, binamu akiwa mmoja wao. Mimi nilikaa kiti cha nyuma na shati jipya, roho kwatu.

Mwenyekiti aliweka tasnifu mbili mezani. Sentensi kumi na saba za dada zilikuwemo kwenye tasnifu ya binamu, neno kwa neno. Yeye aliyewagombeza watu kwa kurudiarudia alikuwa amejirudia mwenyewe bila kujua.

"Daktari, hizi sentensi ni za nani?"

Binamu alifuta miwani, akaifuta tena. "Ni zangu."

Dada alisema ni yeye aliyeziandika zote, kule na huku. Wakamtaka alete shahidi. Akamtazama binamu, na binamu akatazama karatasi zake. Nilisimama niseme, mwenyekiti akaniamuru nikae. Siku hiyohiyo wakamfuta dada chuoni kwa kosa la wizi wa maandishi.

Jioni binamu akaja nyumbani. Alishindwa hata kukaa. "Dada, nielewe. Ningesema kweli, wangeninyang'anya shahada yangu."

Dada alikuwa akimmiminia chai, na hakuacha kumimina.

"Kwa hiyo ukawapa yangu."