Kurjeti na Bukari katika Kantini ya Mutoshi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Kolwezi nimevaa suti, kwa sababu mtu aliyesomea upishi Ubelgiji hashuki kwenye treni na aproni mkononi. Nilizaliwa Mutshatsha, katika nyumba ya mchoma makaa. Sikuwa na mjomba ofisini wala rafiki serikalini. Nilikwenda Ulaya kama mtumishi wa familia ya injinia mmoja. Mchana nilipiga pasi na kusugua sakafu, jioni nilisoma shule ya hoteli, na nilirudi na diploma yenye muhuri. Ilikuwa miaka ya kwanza ya Zaïre. Katika Kolwezi yote sikumjua mpishi mwingine mwenye diploma kama ile, na mpaka leo sijaonyeshwa.

Nilitazamia kupelekwa kwenye nyumba ya wageni ya kampuni ya shaba, ambako wakubwa walikula juu ya vitambaa vyeupe. Mkurugenzi wa Ugavi, mtu mnene mwenye sauti ndogo, aliitazama diploma yangu, akaigeuza, akautazama na upande wa nyuma usio na kitu.

"Sitwayeni, karatasi yako iko muzuri sana," akasema, akiniita raia kama ilivyokuwa amri ya miaka ile. "Utaanza ku Mutoshi, mu kantini ya batumikaji. Nyumba ya bageni, tutaona kisha."

"Tata Direkta, mi nilisomea kupikia bantu ba restora."

"Na bale ba Mutoshi beko mbuzi?"

Kesho yake nilikuwa Mutoshi, kwenye kambi ya wachimbaji, na suti niliitundika nyuma ya mlango wa stoo.

Ninyi vijana mnaowasha moto kwa kubonyeza kitufe, acheni niwaeleze kantini ilivyokuwa. Tulipika kwa kuni na makaa, katika sufuria ambazo mtu mzima angeweza kuogea. Chakula kilikuwa bukari, yaani ugali wa mahindi, na kuukoroga ilibidi usimame juu ya kreti na kuushika mwiko kwa mikono yote miwili kama mtu anayetwanga. Mboga ilikuwa samaki wa chumvi, maharage au nyama. Neno mboga kwetu ni chochote kinachoisindikiza bukari.

Lakini jambo la kulielewa zaidi ni beseni. Wachimbaji hawakula kila mtu na sahani yake. Walikula kwa ekipi, kikundi cha watu waliofanya kazi pamoja, wote wakizunguka beseni moja la bukari na beseni moja la mboga. Kapita, msimamizi wao, alitia mkono kwanza, wengine wakafuata. Na kama chakula kiliwaudhi, hawakusema neno. Waliyarudisha mabeseni kwenye dirisha la jiko na kuyafunika kifudifudi. Mpishi aliyefunikiwa beseni alipita kambini na watoto wakimcheka.

Kisha nyama ikaanza kuchelewa. Leo reli ina tatizo, kesho lori limekwama, keshokutwa samaki wamefika wameoza. Wakati huohuo shamba la kampuni lilikuwa limejaa kurjeti. Kwa wasioijua, kurjeti ni mboga ya kijani yenye umbo la tango, ndugu mdogo wa boga. Ililimwa kwa ajili ya familia za Wazungu, lakini wengi wao walikuwa wameondoka na kurjeti hazikupata habari. Ziliendelea kuzaa.

Mkurugenzi akaja Mutoshi mwenyewe, nyuma yake lori limejaa.

"Shefu, unaona hii? Batumikaji bakule. Kama bamekula bila fujo, minakupeleka ku nyumba ya bageni. Kama bamekataa, utaenda kupikia bantu yetu ya barabara kule njia ya Musumba, unasikia?"

Nilisikia. Njia ya Musumba wakati wa mvua ilikuwa matope mpaka kiunoni, na mpishi wa huko alipika chini ya turubai. Nikasema moyoni kwamba mtihani kama huu ni mwepesi kwa mtu wa shule.

Nilizipika kama nilivyofundishwa: vipande vya duara, vitunguu, nyanya, mafuta, moto wa polepole. Mwalimu wangu wa Ubelgiji angelamba kijiko. Saa ya chakula nikasimama dirishani nimefunga mikono kifuani. Mara nikasikia kelele. Beseni la kwanza likaja limefunikwa, likafuata la pili, kisha yakaja kwa mkupuo na mchuzi ukatiririka ukutani. Nyuma ya mabeseni alikuja Kapita Ilunga, mtu mrefu aliyekuwa na sauti ya mtambo.

"Tata Diplome!" Hilo ndilo jina walilonipa. "Hii ni chakula ya mutu anatoka mu lopitali. Bukari inaingia mule, inakufa!"

"Ni chakula ya Ulaya, Kapita. Mutazoea."

"Basi kula weye na Ulaya yako."

Wapishi wangu walishauri nikaange zaidi, nitie pilipili zaidi. Sikuwasikiliza. Nilisomeshwa kwamba mpishi anayebahatisha ni mpishi aliyechoka, na mimi wakati ule nilikuwa bado sijachoka. Siku iliyofuata, kabla habari haijamfikia Mkurugenzi, nilipika vilevile, kwa makusudi, nikavua kofia, nikaenda kukaa chini na ekipi ya Ilunga na kutia mkono katika beseni lao. Nikala, nikatazama mikono yao.

Nikaona. Shida haikuwa ladha. Kurjeti imejaa maji. Ikiiva inayaachia, na vipande vinaelea. Mwenye mkono mwepesi anavikusanya vyote kwa matonge mawili matatu, aliye taratibu anabaki na maji ya nyanya. Palikuwa na kijana mmoja mwenye vidole virefu, Kasongo, ambaye alikuwa amekwisha kumaliza upande wake na kuingia upande wa jirani.

"Toa mukono yako kwangu, mwizi!" mzee mmoja akamwambia.

"Si inaelea yenyewe, tata? Inakuya kwangu, mi nifanye nini?"

Ilunga akanigeukia. "Unaona? Hii mboga inatugombanisha. Jana babili balipigana. Bantu banashuka mu shimo pamoja, shefu. Habawezi kushuka na kasirani ya kurjeti."

Kule Ulaya kila mtu ana sahani, hakuna aliyewahi kuniuliza mboga itagawanyikaje. Nilirudi jikoni nikijua ninachotafuta: kurjeti inayokaa mahali pake, ambayo kila mkono unaifikia sawa na inashikamana na tonge.

Shuleni kuna kazi iitwayo kudegorje, yaani kuitoa mboga maji kwa chumvi kabla haijaona moto. Wanaifanya kwa vipande vichache katika chujio. Mimi nilikuwa na lori. Niliagiza kurjeti zikwanguliwe zote, zitiwe chumvi, ziachwe mpaka zilegee, kisha zijazwe katika magunia ya unga yaliyofuliwa, na watu wawili washike kila gunia, mmoja huku na mmoja kule, walisokote.

"Shefu leo anafula kurjeti kama shimizi," mama mmoja wa jikoni akasema, na wote wakacheka mpaka gunia likawaponyoka.

"Kamueni, mama," nikawaambia. "Mutacheka kisha."

Kilichobaki katika gunia kilikuwa kidogo na kizito. Nilikitia katika vitunguu vilivyokaangwa, nikaongeza karanga zilizotwangwa na ndakala, wale samaki wadogo wakavu, nikakoroga mpaka ikaacha kung'ang'ania sufuria. Chumvi sikuongeza, ilitosha ile ya mwanzo. Niliipakua, ikakaa katikati ya beseni kama kichuguu. Ukichota huku, kule hakusogei.

Mabeseni yalirudi yametazama juu, yamekwanguliwa. Ilunga alileta lake mwenyewe.

"Leo hakuna mutu alipigana. Tata Diplome, kumbe iko kitu mu ile kichwa."

Nilifua suti, nikaenda kwa Mkurugenzi kudai nyumba ya wageni. Alinikaribisha kwa furaha, akaniagizia chai.

"Nyumba ya bageni? Hapana, shefu. Nikikutoa ku Mutoshi, bataanza tena kufunika mabeseni. Ulitumika muzuri sana, njo maana utabakia."

Alipohamishwa, nilimwendea aliyemfuata. Huyo alikuwa mtu wa dini, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema vilevile kwa maneno ya upole zaidi. Wa tatu hakuniruhusu kukaa. Nami nilisokota magunia miaka hiyo yote. Kiangazi tulikata kurjeti na kuzianika juu ya bati, masika tukazipika pamoja na maharage. Zile kubwa zilizokomaa tulitoa mbegu kwanza. Maua yake tuliyapika na majani ya maboga. Wanawake wa kambi walianza kuzipanda kando ya uzio, na leo mtu wa Mutoshi atakuapia kwamba kurjeti na karanga ni chakula cha babu zake. Sibishani naye. Vifundo vya mikono yangu vinajua.

Mwaka wa mwisho kabla ya pensheni, Mkurugenzi kijana aliniita, akasema nafasi imepatikana. Niliingia nyumba ya wageni hatimaye. Vitambaa vya meza vilikuwa na viraka na wageni walikuwa wachache. Nilipika kila nilichosomea. Sahani zilirudi nusu, zimechokonolewa kwa uma, na hakuna aliyekuja dirishani kunitukana wala kunisifu. Hata hivyo nilikaa pale mpaka siku yangu ya mwisho. Nafasi ile ilikuwa haki yangu, na mimi si mtu wa kuacha haki yangu mezani.

Siku ya kuagwa, Mkurugenzi alisoma hotuba. "Leo tunamuaga mupishi mukubwa wa nyumba ya bageni," akasema.

"Si wa kule!" sauti ya mtambo ikatoka nyuma. Ilunga alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Mutoshi, mvi tupu, na wazee wenzake pembeni yake. "Ni wetu!"

"Tata, karatasi inasema nyumba ya bageni," Mkurugenzi akamjibu.

"Karatasi ilikula nini kwake?"

Wakaanza kubishana, upande ule na upande huu, soda mikononi. Watu walinitazama wakitegemea niseme neno, kwa kuwa nasifiwa kwa maneno. Lakini miguu ilikuwa inaniuma tangu asubuhi. Nilivuta kiti, nikakaa, nikawaachia wao waamue.