Malori ya Kijani ya Yahya

Miaka ile ya mashamba makubwa ya karanga kule Nachingwea, aliyetaja madereva hodari wa Lindi akamsahau Yahya wa mtaa wa Mtanda, alijulikana papo hapo kuwa ni mgeni. Lori lake lilikuwa Bedford la kijani, na alivyolisifu ungedhani amelizaa. Mkewe alikuwa amefariki akamwachia binti mmoja tu, Siti. Majirani walizoea kumtania Siti kwamba ana kaka mkubwa mwenye matairi sita.

Mwaka wa hamsini na tatu macho ya Yahya yakaanza kuingia ukungu. Alificha, mkaidi yule, mpaka utingo wake akawa anamwelekeza barabara kwa mdomo. Daktari akasema hakuna dawa. Lori akapewa mtu mwingine, naye Yahya akabaki kwenye baraza ya duka la Kanji, akisikiliza magari ya wenzake yakipita.

Kanji alikuwa na boksi la vigari vya chuma kutoka Ulaya, vya kuchezea, alivyowaagizia watoto wa Wazungu wa karanga. Wazungu wakaondoka, boksi likabaki linakula vumbi. Siku moja, sijui kwa huruma au kwa kuchoshwa na hadithi za safari, akamwekea Yahya kigari kimoja kiganjani. Yahya akakipapasa: boneti, kabini, bodi ya nyuma, matairi yanayozunguka.

"Bedford hili!" akapiga ukelele. "Wallahi, pua yake naijua! Siti, mwanangu, la rangi gani?"

Lilikuwa jekundu. Siti, aliyekuja kumchukua baba yake kwa chakula cha mchana, akaona alivyolikumbatia kifuani. Akamkonyeza Kanji anyamaze.

"Kijani, baba. Kijani kama lako."

Ndivyo ukusanyaji ulivyoanza. Siti alipika vitumbua vya kuuza, na kila baada ya miezi kadhaa alimletea baba yake kigari kingine. Yahya alitaka malori tu. Motokaa ndogo alizirudisha dukani, akisema hazibebi hata gunia moja. Lori la tatu lilikuwa la manjano, la nne la buluu. Kwa Yahya yote yalikuwa ya kijani. Jioni aliyapanga kitandani akayapeleka Nyangamara na Nachingwea kwa mdomo, Siti akiwa utingo, akigonga ubao wa kitanda kumjulisha kuwa nyuma salama. Aliyepita nje angesema mle ndani kuna harusi.

Kisha Siti akaolewa na Ahmadi, mvuvi wa Kilwa Kisiwani. Hakumaliza hata miaka miwili. Uzazi ulimchukua, yeye na kichanga chake, na habari ilipofika Lindi walikuwa wameshazikwa. Yahya hakupata hata kumtilia mwanawe udongo kaburini. Hilo lilimuuma kuliko upofu.

Dada yake, Mwahija, akaja kukaa naye. Mwanamke mwema, ila ulimi wake hauna breki. Wiki ya pili, akitandika kitanda, akauliza, "Kaka, haya malori mekundu na ya manjano na ya buluu niyaweke wapi?"

"Umesemaje?"

Mwahija akarudia. Yahya akamlazimisha ataje rangi ya kila moja, yote saba. La kijani halikuwepo.

"Alinidanganya!" akafoka. "Miaka yote hiyo, mtoto niliyemzaa mwenyewe!" Akayasukuma yote yakaanguka. Halafu akashuka sakafuni, akawa anayatafuta kwa mikono, moja moja, akilia na kumwita Siti kwa sauti. Mwahija alitamani ardhi impasukie.

Miezi ikapita. Siku moja Kanji, ambaye moyo ulikuwa ukimsuta, akawaita dukani.

"Bwana Yahya, nimekuagizia Bedford la kijani. Safari hii kijani kweli. Chukua, nakupa."

Yahya akalipapasa kuanzia pua mpaka nyuma. Lilikuwa zuri, bodi nzima, halina hata mkwaruzo.

"Dada, la rangi gani?"

"Kijani, kaka. Haki ya Mungu, kijani kitupu."

Yahya akauelekeza uso mlangoni, machozi yakimtoka. Kisha akalirudisha mezani taratibu.

"Ahsante, Kanji. Mpe mwingine. Mimi malori ya kijani ninayo saba, aliniletea mwanangu."