Duara Kati ya Nukta

Mwalimu wetu wa fizikia pale Kisaju hakuwahi kukaa darasani. Alifundisha amesimama, chaki nyuma ya sikio, na kila Ijumaa alichora kundi lile lile la nyota, nukta zimesongamana kama mbuzi mlangoni pa boma. Katikati aliweka duara la ukungu: gesi iliyotolewa na nyota moja iliyozeeka. Mwaka huo wa 1998, alisema, maduara kama hayo yalijulikana manne tu katika makundi yote kama hilo ya galaksi yetu. "Sasa tutajuaje hili duara ni la kundi, halipiti tu mbele yake? Tuko pamoja?" Tuliinamia madaftari. Alifuta ubao kwa kiganja, akinung'unika kwamba heri arudi kwao Embulbul akafuge kuku.

Ijumaa ya mwisho ya muhula, Kafiya, ambaye babake aliuza mbuzi sokoni Kiserian, aliinua mkono. "Mwalimu, si uangalie mwendo? Mbuzi wa hilo kundi anatembea na wenzake. Mgeni anaenda njia yake."

Mwalimu alivuta kiti, akakaa. Alishusha pumzi ndefu, akacheka mpaka chaki ikadondoka sikioni. "Kumbe mnanisikianga," akasema, na kuku hakuwataja tena.