Dakika Arobaini za Mama Colette

Pale Burungu, ukitaka kumuudhi Mama Colette Uwamwezi, mwambie afiche mfalme. Papa Isidore, katekista wetu, amemwambia hivyo kwa miaka kumi, na kwa miaka hiyo hiyo kumi amekuwa akishindwa naye katika sataranji, mfalme wake mwenyewe akiwa amefichwa pembeni vizuri kabisa.

"Mama, bantu yote banafichaka mufalme kwanza," husema Papa Isidore. "Wewe unamuacha katikati, kama hana mwenyewe."

"Njo vile Zéphyrin alinifundishaka," hujibu Mama Colette bila kuinua macho, na hatua nne baadaye mchezo unakuwa umekwisha.

Zéphyrin Sebarenzi alikuwa mumewe. Sataranji alifundishwa ujanani na fundi redio aliyepanga kwao msimu mmoja, kisha akachonga vipande vyake mwenyewe kwa mti wa msipresi. Farasi hakuwahi kumwona, kwa hiyo mahali pa farasi alichonga ng'ombe, wanne, wenye pembe ndefu. Ubao ule ulikaa katika kibanda cha jibini, ambako yeye na mkewe waligandisha maziwa ya familia kumi na mbili za kilimani.

Asiyejua jibini aelewe jambo moja. Ukishatia dawa ya kugandisha, unafunika sufuria na kungoja dakika arobaini. Ukikata mapema, maziwa yanavurugika. Ukichelewa, yanakuwa magumu, maji hayatoki, na jibini linaharibikia ndani wiki mbili baadaye, wakati umeshalisifia kwa wateja. Katika dakika zile arobaini ndipo Zéphyrin na Colette walipocheza. Kama mchezo haujaisha, mmoja alibaki akiutafakari ubao na mwingine akashika kisu kirefu akakate maziwa.

Zéphyrin alimfundisha mwanzo mmoja tu. Unatoa askari wawili bure, mapema, na njia zinafunguka. "Ukimupa muntu ndama mbili asubuhi," alimweleza, "siku muzima atatafuta kamba ya kuzifunga. Wewe utakuwa ulishafika kwake." Aliuandika mwanzo huo katika daftari la shule, hatua kwa hatua, na hakuchoka kujigamba kwamba hata grand maître, bingwa wa mabingwa wa sataranji, hawezi kuuvunja. Grand maître gani, hakuna aliyemuuliza. Mtu mpole akijigamba mara moja, mnamwachia.

Tumbo lilimuua, huu ni mwaka wa kumi na moja sasa. Colette alibaki na watoto wanne, sufuria, na zile familia kumi na mbili ambazo maziwa yao hayakujua kwamba kuna msiba. Siku ya tatu alikuwa kazini. Vita vilipotukimbiza, alibeba vipande vya sataranji na daftari ndani ya bidoni ya maziwa, na watu waliokuwa wameokoa magodoro walimcheka. Tuliporudi alikuta kibanda hakina paa. Alikiezeka mwenyewe, Papa Isidore akimshikia ngazi na kumpa mashauri ambayo hakuyaomba.

Alicheza na kila aliyekaa kwenye kigoda. Huko Ngungu, tulikokimbilia, alimfunga mwalimu mmoja kabla chai yake haijapoa. Akisifiwa, jibu lilikuwa lile lile: "Haiko yangu. Iko ya Zéphyrin." Lakini lile daftari hakulifungua tena. Mwanzo aliujua kwa moyo, alisema, na mwandiko wa mumewe ulikuwa bado unamwumiza.

Ndipo mwaka jana ikaja habari kwamba Luc Mukobya atapita kwetu. Huyo ni grand maître kweli, wa cheti, anayeishi Ulaya. Mama yake ni wa Kalembe, naye alikuwa anakwenda kuwasalimia wajomba zake. Parokia ilimwomba asimame Burungu acheze na watu wanane kwa wakati mmoja.

Wengine walifurahi. Mama Colette alikonda. Victorine, mwenzake wa kibandani, alimwuliza kama anaogopa kushindwa.

"Kushindwa iko kitu gani?" Mama Colette akasema. "Miye nataka kujua kama bwana yangu alisemaka kweli. Miaka kumi na moja nabeba neno yake. Kama ule muntu atacheka ile mwanzo, nitarudi nayo wapi?"

Siku ilifika. Mgeni alitarajiwa saa tatu. Saa tatu dereva akapiga simu: wako hapo tu. Saa nne wakawa bado hapo tu, na sote tunaijua ile barabara. Mama Colette aliyabembeleza maziwa kwa moto mdogo hadi ikawa haiwezekani tena. Akatia dawa, akafunika sufuria, akaosha mikono, na hapo hapo gari likanguruma mbele ya parokia.

"Dakika makumi ine," alimwambia Victorine. "Ikishika, uje uniite. Hata kama niko nashinda."

Alivuka uwanja hadi ukumbi wa parokia, vipande vyake ndani ya kitambaa. Luc Mukobya, mwanamume mwembamba mwenye shati la kawaida, alikuwa anapita kwenye meza akiwaachia watu wachague rangi. Kwa Mama Colette alisimama, akamwinua ng'ombe mmoja, akamgeuza huku na huku.

"Huyu njo cavalier, ule farasi?"

"Njo yeye, Papa. Anaruka vile vile."

Mama Colette akachagua nyeupe. Alitoa askari wa kwanza, mgeni akamla. Akatoa wa pili, akamla na huyo. Mgeni alikuwa anazunguka meza nane, na kila akirudi kwa Mama Colette alicheza upesi, kama mtu anayepita njia ya kwao. Hakucheka. Hilo Mama Colette aliliona, na mabega yake yakashuka kidogo.

Ilipofika hatua ya saba, Papa Isidore, ambaye kwenye meza ya pembeni alikuwa ameshashindwa na sasa ana muda wa kusimamia mambo ya wengine, aliguna, "Mufalme, Mama." Mama Colette akamwacha mfalme pale pale katikati na kumtuma malkia mbele.

Luc Mukobya alirudi, akanyoosha mkono, akaurudisha. Kisha akavuta kigoda akakaa. Kwa zile meza nyingine zote hakuwa amekaa hata mara moja.

Kuanzia hapo alitoa jasho, nasema nilichokiona. Ng'ombe wa Mama Colette waliruka ndani ya zizi lake, mmoja akafa, wa pili akabaki. Hatua ya ishirini na mbili, mfalme wa mgeni alikuwa anatembea katikati ya ubao peke yake, na Victorine akasimama mlangoni.

"Mama Colette, maziwa imeshika."

Mama Colette alitazama ubao, akatazama mlango. Kulikuwa na njia ya ushindi pale, labda, kwa mwenye nusu saa ya kuitafuta.

"Papa, unisamehe," alisema akisimama. "Ile maziwa iko ya familia kumi na mbili. Umeshinda."

"Sijashinda," Luc Mukobya akasema. "Tukubaliane nulle, Mama, tutoke sawa. Na miye njo mwenye kupona."

Mama Colette alimpa mkono, akaenda. Alikata maziwa kwa wakati.

Mgeni alimkuta kibandani baada ya kumaliza na wengine, Papa Isidore akimwongoza kama bwana harusi. Alingoja mpaka Mama Colette aweke kisu chini.

"Hatua sita za kwanza nazijua, ziko za zamani sana," alisema. "Ya saba njo sikuingojea. Bantu banafichaka mufalme pale. Nani alikufundisha?"

"Bwana yangu. Aliandikaka yote." Ilimbidi sasa. Akafuta mikono, akalitoa daftari kwenye bidoni ya zamani, akalifungua chini ya dirisha. Alipitisha kidole kwenye mwandiko ule: ya kwanza, ya tano, ya sita. Kikasimama.

Ya saba ilisema: ficha mfalme.

Alisoma tena. Papa Isidore alichungulia juu ya bega lake, akaona shauri lake la miaka kumi limeandikwa pale. Mama Colette alikaa juu ya bidoni. Alikumbuka taratibu. Ule mwaka wa kwanza wa ujane hapakuwa na wa kushika kisu wakati yeye anafikiri. Mchezo ulitakiwa uishe kabla maziwa hayajashika, na kumficha mfalme kulikula muda. Basi aliacha kumficha. Halafu akasahau kwamba ni yeye aliyeacha.

"Zéphyrin alisemaka kweli," alisema mwishowe, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. "Mpaka ya sita."

"Na ya saba, niandike iko ya nani?" mgeni akauliza.

Mama Colette aliomba kalamu. Chini ya mstari wa mumewe, bila kuufuta, aliandika malkia anakokwenda. Kisha akaandika jina lake, lote, Uwamwezi Colette, na akamwomba Victorine asogeze sufuria, maji yalikuwa yameanza kutoka.